Karibu Usimame

Boti la serikali lilipofunga gatini, mkunga mpya alikuwa ameinama juu ya mizani ya kupimia watoto, akikagua kama kioo chake kimepasuka njiani. Hakikuwa kimepasuka. Mumewe, seremala, alikuwa ametangulia kushuka na godoro kichwani, na kwa urefu wake godoro lilionekana kama linajiendea lenyewe juu ya vichwa vya watu. Nahodha alisimama mlangoni akawaambia abiria maneno anayowaambia kila safari, kwamba wanaofika kwa mara ya kwanza wasikae ovyo.

Mkunga aliyapokea maneno hayo kama ambavyo mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri angeyapokea. Alivuta sketi chini ya magoti, akafunga kifungo cha juu cha blauzi, akashuka. Laiti angejua kwamba nahodha alikuwa anazungumzia makalio na kiti, basi, angemkamata mumewe mkono palepale. Lakini alikuwa na maboksi ya glavu na dawa ya kusimamia, wapagazi nao walikuwa wanayatupa kama matofali, na alipokuja kuinua macho mume hayupo. Alimkuta barazani kwa mshonaji, nyumba ya kwanza ukitoka gatini. Godoro limeegemezwa ukutani. Mwenyewe amekaa kwenye kiti cha mbao, miguu ameinyoosha, na chai aliyopewa tayari imefika nusu.

"Karibu usimame, mwenzangu," mshonaji akamwambia mkunga.

Alikuwa mwanamke wa makamo, futi ya kupimia imening'inia shingoni, na alikuwa anashona huku amesimama, mkono mmoja unazungusha gurudumu la cherehani, mwingine unaongoza kitambaa. Mkunga alidhani ni kuringa tu. Alidhani mtu anayeshona wima mbele ya mume wa mtu anataka kiuno chake kionekane. Hilo neno mwenzangu nalo halikumkaa vizuri. Wanawake huitana hivyo kila siku bila ubaya, lakini kuna namna ya kulitamka, na yeye alihisi limetamkwa kwa namna hiyo.

Aliyemweleza utaratibu ni mlinzi wa zahanati, mzee aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alieleza kwa utulivu wa mtu anayemwonyesha mgeni ufunguo wa choo unawekwa wapi. Kisiwani pale, alisema, kukaa ni kukaa. Mahali mtu anapoweka makalio kwa mara ya kwanza ndipo anapokaa, na ardhi haina mjadala. Atakwenda kazini, atazunguka kisiwa kizima, lakini jua likizama njia zote zitamrudisha kwenye kiti chake, na viti vya wengine vitamkwepa. Kuchuchumaa hakuhesabiwi. Kulala hakuhesabiwi, mradi mtu ajitupe kitandani kama gogo na ashuke kwa kujiviringisha, asije akakaa ukingoni. Mke na mume hukaa pamoja, wakati mmoja, kwenye ubao mmoja. Akitangulia mmoja, nyumba humhesabu ni mseja. Kwa sababu hiyo kina mama wa pale walikuwa waangalifu sana na watoto wanaojifunza kukaa, na mikutano ya kijiji ilikuwa mifupi kuliko mahali pengine popote.

"Kwa hiyo mume wangu anakaa kwa mshonaji," mkunga akasema.

"Ndivyo ilivyo, mwanangu."

"Na mimi?"

"Wewe bado umesimama."

Mkunga hakushangaa. Alikuwa amefanya kazi vituo vingi na kila kituo kilikuwa na masharti yake. Kimoja maji yalitoka pale tu yalipojisikia, kingine daktari hakuzungumza na mtu aliyevaa njano. Kilichomchoma ni kitu kingine. Maisha yao yote ya ndoa, yeye na seremala walikuwa wameishi kwenye nyumba za kazi, zile ambazo unapewa funguo na unakuta msumari wa mtu mwingine ukutani na harufu ya mtu mwingine kabatini. Safari hii kisiwa hakikuwa na nyumba ya mkunga. Waliambiwa wakifika wachague wenyewe. Tangu siku hiyo mkunga alikuwa halali vizuri kwa furaha. Walikuwa wameshaongea juu ya dirisha la jikoni liangalie wapi, meza ya useremala iwekwe upande gani, na kama watafuga kuku au waachane na kelele. Alitaka kuchagua na mumewe, bega kwa bega, kitu kimoja katika maisha haya. Na mume alikuwa ameshuka kwenye boti na kuchagua kwa makalio.

"Tulisema tutachagua wote," akamwambia mumewe barazani.

"Nilichoka tu," seremala akasema. "Niliona kiti."

"Alikwambia karibu usimame, au alikwambia karibu kiti?"

Seremala akapiga funda la chai. Akasema hakumbuki. Mkunga aliona hilo ndilo jibu, kwa sababu pale kisiwani hakuna mtu na akili zake timamu anayesema karibu kiti, na aliyeambiwa hawezi kusahau.

Basi akakata shauri kwamba yeye hatakaa mpaka ipatikane namna ya kumng'oa mume pale, kisha watakaa pamoja kama watu. Alikula wima, akiegemea ukuta wa zahanati. Wakati wa kuzalisha alichuchumaa, na wazazi wakamsifu kwamba yuko karibu na kazi. Alilala kwenye kitanda cha wodi, akijitupa na kujiviringisha, na miguu ikamvimba hadi viatu vikakataa. Watu walimpita wakisema kwa heshima kwamba mkunga bado anachagua.

Na kweli alikuwa anachagua. Nyumba tupu hazikukosekana, maana vijana wengi walikuwa wamehamia bara na nyumba zao zikawangoja kwa muda kisha zikaacha. Kila alipotoka kazini alishika njia. Iliyokuwa nyuma ya shule aliikuta ina sakafu nzuri lakini kelele. Iliyokuwa upande wa upepo haikuwa na mlango hata mmoja uliofunga. Iliyokuwa juu kwenye tangi la maji ilimpendeza tangu uani: jiko lina madirisha mawili, kivuli cha kutosha kwa meza ya useremala, na chumba cha kulala kinachopata jua la asubuhi tu. Kote alikopita aliinua mkono juu kwenye fremu za milango kupima urefu, kwa sababu mumewe alikuwa mtu wa kugonga kichwa. Mlango ukimkubalia mkono, alisema kwa sauti, peke yake ndani ya chumba, "Hii itatufaa."

Jioni alipeleka habari barazani, akazitoa akiwa amesimama kwenye ngazi. Mume alisikiliza huku amekaa, akitikisa kichwa mahali panapostahili. Nyuma yake gurudumu la cherehani halikusimama.

"Ile ya shule paa lake linavuja, mwenzangu," mshonaji aliongeza siku moja, wala hakuulizwa.

Mkunga akamshukuru kwa shingo upande, akaenda kuikagua upya akiomba iwe ni uongo. Paa lilikuwa linavuja kweli. Hakuna kinachomuudhi mwenye wivu kama kusaidiwa na mtu anayemwonea wivu.

Mara nyingine seremala aliinuka kumsindikiza zahanati, maana hakuwa mtu mbaya, au angalau hakuwa mtu mkorofi. Walitembea wakiongea vizuri mpaka kwenye kona. Wakishapinda, jua nalo limezama, mkunga alijikuta peke yake njiani, na sentensi ambayo mume alikuwa ameianza kando yake aliimalizia kule barazani, kwa sauti ya juu ili mkewe aisikie. Kwa kawaida ilikuwa sentensi ya kuuliza kama amekula.

Nyumba ile ya mshonaji ilimtunza seremala, na hilo ndilo lililomla mkunga roho. Asubuhi baraza lilisogeza kivuli chake kumfuata. Ukutani, pale mkono wake unapofika, msumari wa kutundikia msumeno uliota wenyewe, na ulipopata kutu ukaota mwingine. Seremala alinenepa shingo. Hata kipaji cha uso, ambacho tangu wafahamiane hakikuwahi kukosa nundu ya mlango fulani, kilikuwa laini kama cha bwana harusi. Mkunga alikuwa amempaka dawa kwenye hicho kipaji miaka yote ya ndoa. Sasa alikitazama kutoka kwenye ngazi na akajikuta anaionea wivu fremu ya mlango.

Siku moja mshonaji alimwita ndani ajaribu sare mpya. Mkunga aliingia kwa sababu sare ilikuwa ya kazi na kazi haina kisirani. Akasimama chini ya mlango wa chumba cha mume wake, akainua mkono kwa mazoea. Mkono haukufika juu. Ulikuwa mlango mrefu kupita milango yote ya kisiwa, na mkunga akafikiri, sawa, nyumba imeuinua kwa ajili yake, tangu tulipofika. Kisha akaona kiota cha nyigu pale juu, kikuukuu, kimeachwa na wenyewe, na rangi ya fremu imebanduka kama inavyobanduka rangi iliyopitiwa na misimu mingi ya mvua. Alisimama hapo mpaka mshonaji, pini mdomoni, akamgusa kiwiko amgeuze upande wa pili.

Alimuuliza mlinzi. Mzee alikuwa anafunga geti na hakuacha kulifunga.

"Ule mlango ulipanda mwaka wa makabati," alisema. "Alipokuja fundi kututengenezea makabati ya zahanati. Si haya unayowekea glavu?"

Mkunga alisema ndiyo, ni hayo. Mlinzi akaendelea, kama mtu anayedhani habari inajulikana na anasaidia tu kuipanga. Yule fundi hakuwa na pa kukaa, kwa hiyo mshonaji aliinuka kwenye kiti chake mwenyewe, kiti alichokalishwa na mama yake akiwa mtoto, akamwambia karibu kiti. Fundi akakaa. Kazi ilipokwisha alipanda boti akaenda zake, akasema atarudi, na kiti kikabaki chake, maana kiti hakijui safari. Tangu siku ile mshonaji hajakaa. Watu walimshauri akae popote, hata juu ya mtungi, apumzike. Akasema anamngoja mwenzake wakae wote.

Mkunga aliukumbuka mwaka huo. Mume alikuwa amerudi kutoka kazi ya mbali na kipaji laini, hakina hata mkwaruzo, na yeye akafurahi, akasema afadhali safari hii umejiangalia. Akakumbuka pia kwamba alipopewa vituo vya kuchagua, ni mume aliyesema kisiwani kuna hewa nzuri. Alikuwa ameyasema hayo mgongo umegeuka, akichonga kitu. Mkunga aliona jinsi alivyofunga virago vyake mwenyewe, akalibeba godoro la ndoa yake mwenyewe mpaka gatini, ili mume arudi kwenye kiti chake. Na kilichouma zaidi hakikuwa mume kukaa. Kilikuwa ni yule mwanamke kusimama miaka yote ile, na miguu yake haikuvimba.

Siku iliyofuata hakwenda kuangalia nyumba. Alikwenda moja kwa moja barazani. Mshonaji alikuwa ametoka kupeleka nguo za watu, na seremala alikuwa anapiga msasa mguu wa stuli.

"Hiki kiti ulikikalia lini mara ya kwanza?" mkunga akauliza.

"Zamani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa kuhama."

Alilisema hilo kwa upole, kama jambo ambalo wangekubaliana wote wawili. Mkunga akamuuliza huyo anayekaa naye humu ndani ni nani kwake. Seremala akapuliza vumbi la mbao kwenye mguu wa stuli.

"Hakai," akasema. "Amesimama."

Kiti, kwa maelezo ya mlinzi, kinaweza kumtoa mtu wake kwa njia moja tu: akikalie mtu mwingine ambaye hana kiti popote. Kisiwa kizima watu wa namna hiyo walikuwa mshonaji, mkunga, na watoto ambao shingo zao bado hazijakaza vizuri. Siku ya kupima uzito mkunga alimshika mtoto mmoja mnene, tulivu, mgongo wake unakaribia kunyooka wenyewe, na akawaza jinsi ilivyo karibu kutoka kwenye mizani mpaka kwa mshonaji. Ingechukua muda mfupi tu. Mama mtu alikuwa anapiga soga dirishani. Mkunga alimtazama mtoto, mtoto akamtazama, kisha mkunga akamrudisha kwa mama yake akisema uzito unaendelea vizuri. Alikuwa ameona ni wapi wivu unaweza kumfikisha mtu, na hakutaka kufika. Akabaki na makalio yake mwenyewe.

Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Alisema moyoni, nikikaa mimi, yeye atakuwa huru. Na akiwa huru atakuja kwa mkewe, maana sababu yote aliyonipa ni kiti, na kiti nitakuwa nimekiondoa. Nyumba atakuwa ameshaizoea. Huyo mwingine ndiye atakayekuwa amezidi, naye ana adabu, ataona mwenyewe. Haikuwa nyumba ambayo angeichagua. Jiko lilikuwa giza na baraza liliangalia gati na kelele zake. Lakini mume alikuwa pale, na mkunga alikuwa amechoka kuchagua peke yake.

Alikwenda mchana, seremala akiwa kwenye paa la shule. Mshonaji alimwona anapanda ngazi, akamwona anageuka na kukusanya sketi, akaacha kuzungusha gurudumu. Hakumzuia. Uso wake ulikunjika kidogo, kama mtu anayesikia jina lake limeitwa kwa mbali.

Mkunga akakaa.

Kiti kilikuwa na umbo la mtu mwingine, kisha kikawa na umbo lake. Miguu ya kiti ilijifupisha taratibu mpaka nyayo zake zikagusa sakafu. Ndani ya nyumba milango ilishuka kwa mlio mdogo, kama sufuria linalopoa, na msumari wa msumeno ukaanguka. Maumivu yakatoka kwenye magoti yake, kwenye vifundo, kwenye mgongo, na machozi yakamtoka kwa raha ya kukaa tu. Hakuwahi kujua jinsi alivyochoka. Mshonaji alimletea maji, akampa kwa mikono miwili, akabaki amesimama kando wakati anakunywa.

Seremala alirudi jua likizama. Njia haikumleta, alikuja mwenyewe kwa miguu yake, polepole, akitazama huku na huku kama mtu aliyetoka hospitali. Akasimama chini ya ngazi. Viatu vyake vilikuwa na chokaa ya shule.

"Umekaa," akasema.

"Nimekaa. Njoo."

Alikuwa huru kuja. Ngazi zilikuwa palepale, na mlango, ingawa mfupi sasa, ungeweza kumpitisha akiinama. Mkunga aliona jinsi anavyomtazama, kwa huruma ya kweli, na jinsi macho hayo yalivyompita yakaenda kwenye cherehani.

Mshonaji alikata uzi kwa meno. Akakunja nguo aliyokuwa anashona, akafunika cherehani kwa kitambaa chake, akavuta futi shingoni ikae sawa. Kisha akashuka ngazi, akasimama kando ya seremala. Wote wawili walikuwa wima, hawana mahali duniani, na ndipo mkunga alipoelewa alichokifanya. Miaka yote hiyo walikuwa wameshindwa kukaa pamoja kwa sababu mmoja alikuwa amekwama kwenye kiti. Yeye ndiye aliyemtoa. Hakuna mwingine kisiwani ambaye angeweza.

Hakuna aliyeomba radhi. Walisimama pale njiani wakinong'ona, na kwa jinsi seremala alivyokuwa akinyoosha kidole kwenye mlima, kisha upande wa upepo, mkunga alijua wanaongea nini. Walikuwa wanapanga waanzie wapi kuangalia. Mshonaji alisema jambo juu ya mapazia na seremala akasema dirisha kwanza, pazia baadaye, na mshonaji akampiga begani kidogo na ile futi. Ndiyo mazungumzo ambayo mkunga alikuwa ameyangoja tangu siku ya uhamisho, neno kwa neno, ila hakuwa ndani yake.

Alijaribu kuinuka. Aliinuka bila shida, akafika hadi kwenye ngazi, na jua lilipomaliza kuzama akajikuta amekaa tena. Kiti kilikuwa kizuri, hakuna ubaya wowote wa kukisemea.

Wale wawili walikuwa wameshapiga hatua kadhaa mshonaji aliposita, akamwambia seremala amngoje, akarudi mpaka chini ya ngazi. Aliuliza kwa heshima, akiwa ameshika nguzo ya ngazi, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa jirani.

"Mwenzangu, wewe umeziona zote. Ipi ingetufaa?"

Mkunga akaisikia ile "tu" iliyo katikati ya neno la mwisho, fupi, haina hata uzito. Ilikuwa yake. Alikuwa ameisema peke yake kwenye vyumba vitupu vya kisiwa kizima. Angeweza kuwapeleka kwenye nyumba ya upande wa upepo, wakahangaike na milango isiyofunga mpaka wachokane. Alilifikiria hilo, akalifikiria kwa hamu. Lakini seremala alikuwa amesimama pale njiani, mrefu, mikono imening'inia, na mkunga alikuwa ameshapima kila mlango kwa ajili ya kichwa chake. Hakujua namna ya kukipeleka kichwa hicho mahali kikaumie.

"Ile ya juu," akasema, "kwenye tangi."

Mshonaji akataka kujua zaidi. Basi mkunga, amekaa, mikono juu ya mapaja, akawaeleza yote: jiko na madirisha yake mawili, kivuli cha uani, jua la asubuhi linavyoingia chumbani, na kitanda kikae upande gani.